Bluu Asiyoiona Dobi wa Mtaa Wetu

Saa moja kasoro robo asubuhi. Dobi anatoka dukani kwake akiwa ameshika kipande cha sifongo kilichochomekwa sindano kumi. Anahesabu hatua saba, anaingia mlango wa pili, anaweka sifongo juu ya meza ya fundi cherehani.

"Umelala?" anauliza fundi, mama wa makamo ambaye wamekuwa majirani kwa miaka ishirini.

"Nimejilaza," anajibu dobi.

Fundi anacheka kidogo, anavaa miwani na kuanza kutunga nyuzi. Nyekundu, kijani, bluu, njano, kahawia, na kuendelea mpaka nyeusi. Anazichomeka sindano kwa mpangilio uleule wa kila siku, kutoka kushoto kwenda kulia. Dobi anapitisha kidole juu yake akinong'ona majina ya rangi, kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha.

Leo anarudia mara tatu. Mara ya tatu anakosea katikati, anaanza upya.

"Taratibu, Mkunjo," anasema fundi. "Hazikimbii."

"Hizo hazikimbii. Kinachokimbia ni siku."

Kesho saa mbili asubuhi, Mungu akijalia, dobi huyu mwenye umri wa miaka sitini na mmoja atafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika jicho la kushoto. Ndilo jicho pekee alilobaki nalo. La kulia liliharibiwa na cheche ya mkaa iliyoruka kutoka kwenye pasi alipokuwa na miaka ishirini na tisa.

"Daktari alisema matumaini ni makubwa," anasimulia. "Nikamuuliza, makubwa kiasi gani? Akaanza kupangapanga karatasi zake. Mtu ukimuuliza swali akaanza kupanga karatasi, ujue."

Jina la Mkunjo alipewa na wateja kwa sababu ya suruali. Mkunjo anaouweka mbele ya suruali hudumu wiki nzima, na watu husema unaweza kukatia mkate. Kwa miaka thelathini na minane amefanya kazi katika chumba hikihiki chenye mlango wa kijani, pasi mbili za mkaa, pasi moja ya umeme, na meza iliyotandikwa blanketi kuukuu lenye alama ya kuungua kwenye pembe. Nyuma kuna uwanja mdogo wenye makarai mawili ya saruji na kamba sita. Kamba hizo ni himaya ya mkewe, ambaye mtaa mzima humwita Mama Kamba. Hakuna anayeruhusiwa kuanika wala kuanua bila yeye.

Wanaopita haraka huona dobi tu. Waliozaliwa hapa wanajua kuna mambo mawili ambayo hawajayakuta kwa dobi mwingine yeyote.

La kwanza ni alama. Kila mteja wa Mkunjo ana alama yake. Si jina wala namba. Ni mishono michache ya uzi wa rangi, midogo kama punje ya mchele, iliyofichwa ndani ya kola au kiunoni mwa suruali. Familia moja ni mishono mitatu ya kijani. Nyingine ni mmoja mwekundu na mmoja mweusi uliolazwa. Mtoto akikua na kuanza maisha yake, hupewa alama ya wazazi wake na kuongezewa mshono mmoja. Kuna watu waliouhama mji huu zamani, na hadi leo hufunua kola za makoti yao ya ujana ili kuwaonyesha watoto mahali walikotoka.

"Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha," anasema. "Aliniambia, nguo ya mtu usiiandike jina. Ukiandika jina, kila anayeingia atajua nani ana mashati kumi, na nani analeta shati lilelile kila Jumamosi."

Wenye shati moja tu wapo. Nyuma ya kaunta kuna pazia, na nyuma ya pazia kuna kigoda. Hapo mtu hukaa na fulana ya kuazimwa, akingoja shati lake likauke. Ukimuuliza Mkunjo ni nani waliowahi kukaa pale, anakuuliza kama unataka chai.

Alama hizo zimefika mia mbili na kumi na mbili. Zote zimo kichwani mwake. Mkewe amejitahidi kuzishika, akafika arobaini.

La pili ni mifuko. Hakuna nguo inayoguswa na maji dukani hapa kabla mifuko yake haijapekuliwa, na kila kinachopatikana huingia kwenye bati la biskuti lililo chini ya kaunta. Funguo, vifungo, tiketi, jino la mtoto lililofungwa kwenye karatasi, pete iliyorudishwa kwa mwenyewe kabla mke hajaiulizia. Nguo ikiwa tayari, kitu hicho hutiwa ndani ya kifuko cha kitambaa na kushonewa juu ya kifurushi.

Karatasi zina utaratibu wake. Mkunjo hazirudishi zikiwa zimekunjamana. Huziwekea kitambaa juu na kuzipiga pasi ya uvuguvugu.

"Karatasi aliyoibeba mtu mfukoni ni nguo yake pia," anasema.

Mwalimu mstaafu wa hesabu, mama wa miaka sitini na minane anayeishi mwisho wa barabara, anayo karatasi moja ya namna hiyo ndani ya droo ya kitanda chake. Miaka kumi na mmoja iliyopita, baada ya mazishi ya mumewe, alileta koti la marehemu lifuliwe ili ampe shemeji yake. Koti lilirudi na kifuko. Ndani yake kulikuwa na orodha ya vitu vya kununua, kwa mwandiko wa mumewe.

"Iliandikwa hivi," mwalimu anasimulia. "Betri mbili. Wembe. Halafu chini yake, 'Kumwambia mke wangu nilikosea.' Aliangukia njiani siku hiyo, hakufika dukani wala hakurudi nyumbani."

Anatabasamu.

"Miaka thelathini ya ndoa, na yule baba hakuwahi kukiri kosa hata moja. Dobi ndiye aliyeniletea, imenyooshwa, haina kunyanzi. Mpaka leo sijui alikosea nini. Makosa yalikuwa mengi, kwa hiyo nimechagua moja."

Labda watu kumpenda dobi kwa namna hiyo ndiko kulikoleta matatizo.

Nguo nyeupe ikizeeka huelekea umanjano. Dobi huuondoa kwa kutia unga kidogo wa bluu kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia. Ukitia kiasi, nguo inang'aa kama mpya. Ukizidisha, inageuka kuwa ya bluu. Ni kipimo cha vidole viwili, na Mkunjo alikuwa hajakikosea tangu akiwa mwanafunzi wa mjomba wake.

Lakini mtoto wa jicho huja na rangi yake. Kidogo kidogo, bila maumivu, ukungu wa manjano ukatanda ndani ya jicho lake la kushoto. Kila kitu cheupe kikaanza kuonekana kimechakaa. Mkunjo akadhani nguo za watu zinazeeka, au sabuni siku hizi ni mbovu. Akaongeza bluu. Bado ilionekana manjano. Akaongeza tena.

Kwa miezi minane mji huu ulivaa bluu.

Hakuna aliyesema. Mwalimu mstaafu alizoea kuvaa blauzi zake nyeupe kila siku ya ibada. Akaendelea kuzivaa zikiwa rangi ya anga la asubuhi. Wengine walirudi nyumbani na kuzisuuza upya kwa ndimu. Kinyozi wa mkabala, ambaye makoti yake ya kazi yalikuwa meupe tangu afungue duka, aliwaambia wateja amebadilisha sare.

"Wengine walinipongeza," anasema kinyozi. "Wakasema inapendeza. Mke wangu aliniambia, nenda kamwambie yule mzee. Nikamwambia, mama, mimi huyu nashika wembe shingoni mwake kila Ijumaa. Sitaki nimpe habari mbaya halafu aanze kutetemeka."

Anasema hivyo akicheka, ila hamalizi kicheko.

Aliyesema ukweli alikuwa mgeni. Wiki saba zilizopita, Jumamosi asubuhi, karani mpya wa posta alikuja kuchukua blauzi yake ya kazi. Alikuwa na siku kumi na mbili tu mjini. Mbele yake walikuwapo mwalimu na kinyozi, na ukuta wa pili cherehani ilikuwa inanguruma.

"Baba, samahani, hii si yangu," alisema karani. "Mimi nilileta nyeupe."

Mkunjo alifunua kola, akapapasa mshono wa muda anaowawekea wageni. "Ni yako, binti. Na ni nyeupe."

Karani alicheka, akidhani anataniwa. "Hii? Baba, hii ni bluu kama bahasha za barua za ng'ambo."

"Macho yako yana usingizi."

"Jamani, nisaidieni." Karani aligeukia waliokuwapo. "Hii ni nyeupe?"

Mwalimu alianza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake. Kinyozi alitazama dari. Ukuta wa pili, cherehani ilinyamaza.

Wote waliokuwapo wanakumbuka ule ukimya. Mkunjo aliishika blauzi kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akarudi.

"Mwalimu," alisema. "Wewe hujawahi kunidanganya. Hii ni rangi gani?"

Mwalimu alifunga mkoba. "Ni bluu, Mkunjo. Na hii niliyovaa ni bluu pia. Tangu mwezi wa pili."

Mkunjo aliitundika blauzi kwenye msumari ukutani. Alivua aproni, akaikunja kwa nne, akaiweka juu ya kaunta. Kisha akawaomba wote watoke. Mlango wa kijani ulifungwa siku mbili, jambo ambalo halikutokea hata alipofiwa na mama yake.

"Nilikasirika," anasema sasa, akichezea sindano kwenye sifongo. "Watu wanadhani niliona haya. Haya ilikuja baadaye. Kwanza nilikasirika. Mimi mtu akiingia hapa na doa nyuma ya koti, namwambia. Ndiyo kazi yangu, kumwonyesha mtu doa asiloliona. La kwangu walilinyamazia."

Uchungu zaidi ulikuwa ndani ya nyumba yake. Mama Kamba alikuwa anajua.

"Nilijua tangu mwanzo," anakiri mama huyo, mikono yake ikiwa bado ndani ya maji ya sabuni. "Akigeuka, namwaga nusu ya maji ya bluu, naongeza maji safi. Yeye akirudi anatazama, anaona hayajakolea, anaongeza unga. Tulikuwa tunashindana mimi na yeye, na yeye hajui kama kuna mashindano."

Alipoulizwa na mumewe kwa nini hakumwambia, jibu lake lilikuwa fupi. "Ulikuwa unaimba."

Mkunjo huimba akisuuza. Mama Kamba aliogopa kwamba akimwambia, ataacha kuimba. Na kweli, tangu Jumamosi ile hajaimba.

Hospitalini, daktari aliwaeleza kwamba kama wangekuja miezi minane nyuma, kazi ingekuwa nyepesi. Sasa mtoto wa jicho amekomaa, amekuwa mgumu, na upasuaji utachukua muda zaidi na uangalifu zaidi. Mama Kamba alitoka nje ya chumba, akasimama kwenye veranda akiwa ameziba mdomo kwa kanga. Mkunjo alimfuata kwa kupapasa ukuta.

"Nilimwambia asilie," anasema. "Nikamwambia hata mimi nilijua kuna kitu. Kila asubuhi nilikuwa najipima na kalenda ya ukutani. Nilipoacha kuona tarehe nikasema, kalenda gani hii, wamechapisha kwa wino mwepesi. Sikutaka kwenda. Nilikuwa namkumbuka kaka."

Kaka yake mkubwa alikuwa seremala. Alipelekwa kufanyiwa upasuaji wa macho akiwa na miaka hamsini na nane. "Aliingia akiuona mlango, akatoka akiupapasa," anasema Mkunjo. Kwa miaka tisa baada ya hapo alikaa kwenye benchi aliyoitengeneza mwenyewe, akipewa vipande vya mbao na kuvinusa ili ajue ni mti gani. Daktari amemweleza Mkunjo mara mbili kwamba ugonjwa wa kaka yake ulikuwa mwingine kabisa, ule wa presha ya jicho. Anaelewa. Lakini usiku anapolala, anasema, hamwoni daktari. Anaona benchi.

Habari ilipoenea, nguo zilipungua. Zamani alikuwa akipiga pasi nguo sitini kwa siku. Juzi zilikuwa ishirini na mbili. Wengine wamehamia kwenye duka la mashine lililofunguliwa karibu na kituo cha mabasi, ambako nguo hurudi na karatasi ya namba iliyobanwa kwa pini. Mkunjo hawalaumu. "Mtu ana nguo moja nzuri. Ataiacha vipi kwa dobi asiyejua nyeupe?"

Ila waliobaki wanakuja mara nyingi kuliko zamani. Wanaleta nguo ambazo si chafu. Wanakaa kwenye benchi na kuuliza habari ya jicho, kisha wanauliza tena kama hawakuuliza.

"Tulidhani tunamheshimu," anasema mwalimu mstaafu. "Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne, nimewasahihisha watoto maelfu. Mtu mzima mmoja nikashindwa kumwambia jibu lako si sahihi."

Ndiye aliyeleta shuka.

Ni shuka jeupe la kitanda kikubwa, jipya, halijawahi kutiwa bluu. Kwa wiki tatu sasa limetandazwa juu ya meza ya kupigia pasi kila alasiri. Mkunjo anashona juu yake alama zote, moja baada ya nyingine, kwa safu. Fundi cherehani anamtungia nyuzi na kumpa sindano ya rangi anayoitaja. Vidole vinajua kilichobaki. Pembeni ya kila alama fundi anaandika jina kwa penseli, hafifu sana. Ni mara ya kwanza majina kuandikwa katika duka hili.

"Mjomba angenichapa," anasema Mkunjo. "Lakini mjomba alikuwa na macho mawili."

Mama Kamba halipendi shuka hilo. Hulizunguka kwa mbali akipita kwenda kwenye kamba zake.

"Ni kama unagawa urithi ukiwa hai," alimwambia wiki iliyopita.

"Ni daftari tu, mke wangu."

"Daftari la nani, kama wiki ijayo utarudi unaona?"

Mkunjo alimwomba fundi sindano ya kijani.

Leo adhuhuri safu ya mwisho imekamilika. Alama mia mbili na kumi na mbili. Wateja kadhaa wamekuja kuhakikisha za kwao, wameinama juu ya meza kama watu wanaosoma matokeo ya mtihani. Kinyozi amegundua kwamba alama yake na ya mwalimu zimetofautiana kwa mshono mmoja tu.

"Kwa hiyo sisi ni ndugu?" anauliza.

"Usijipendekeze," anasema mwalimu. "Nilikuwa hapa kabla yako."

Wakati huo karani wa posta anaingia. Kwa wiki kadhaa baada ya Jumamosi ile alikuwa akizunguka barabara ya nyuma ili asipite mbele ya duka. Alidhani mji mzima unamchukia. Mkunjo ndiye aliyemtumia ujumbe kupitia kwa fundi cherehani, aje, ana kitu chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Njoo huku kwenye mwanga. Bado una mshono wa wageni. Unataka rangi gani?"

"Yoyote tu, baba."

"Hakuna yoyote. Utakaa nayo maisha, na watoto wako nao."

Karani anatazama shuka, anamtazama fundi, anatazama chini. "Basi bluu."

Kinyozi anashika kiti. Kisha Mkunjo anacheka, kwa mara ya kwanza leo, mabega yanatikisika. "Mpeni bluu yake. Aliitaja wenyeji wakiwa wameificha."

Fundi anampa sindano ya tatu kutoka kushoto. Mkunjo anapapasa mwisho wa safu, anaupata, anachoma. Anatoa, anachoma tena.

"Baba, umejichoma," anasema karani.

"Wapi?"

Tone la damu limetoka kwenye kidole chake na kudondokea shuka. Ni jekundu kabisa juu ya kitambaa cheupe, na kila mtu analiona. Yeye anaendelea kusogeza uso karibu na shuka, akiligeuzia jicho huku na huku, akilitafuta.

Mama Kamba anatoka uani na kitambaa chenye maji baridi. Analipangusa doa. Halafu anachukua mkono wa mumewe, anakifunga kidole, na anaushikilia mkono ule muda mrefu kuliko kidole kilivyohitaji.

Saa kumi na moja jioni duka linafungwa mapema. Mwalimu, fundi na kinyozi wamebaki. Wanasimama kuizunguka meza, na Mkunjo anaombwa aongoze sala. Hasemi mengi. Anawaombea wenye nguo zilizo rafuni. Anamwombea mkewe usingizi. Jicho halitaji. Anaomba tu mkono wa daktari usitetemeke, na kama leo daktari ana jambo linalomsumbua nyumbani kwake, Mungu alitulize mpaka kesho mchana. Wote wanaitikia.

Baada ya sala anaeleza anachokusudia. Bandeji itaondolewa Ijumaa asubuhi. Akipewa jicho, atapumzika kwa siku ambazo daktari atasema, kisha ataziita nguo zote za bluu zirudi. Atazisuuza moja moja, bila malipo, mpaka bluu yote itoke. Amekadiria kazi ya miezi miwili. Baada ya hapo atamfundisha mkewe alama zilizobaki, zote, hata kama hataki. Shuka litaning'inizwa nyuma ya pazia, upande wa kigoda.

"Zangu huzipati," anasema mwalimu. "Nimeshazizoea. Ukinirudishia nyeupe nitaonekana mgonjwa."

"Na jicho usipopewa?" kinyozi anauliza, halafu anaonekana kujuta. Lakini ni swali ambalo hakuliuliza kwa miezi minane, na labda ameona bora aulize.

Mkunjo anafikiri. "Nikikosa, vidole ninavyo. Pasi itabaki kwangu. Maji yatakuwa ya Mama Kamba." "Naogopa, ndugu yangu. Nisikudanganye. Naogopa sana."

"Hata mimi," anasema kinyozi.

Wageni wanaondoka. Mama Kamba anafungasha mkoba wa hospitali juu ya kaunta: taulo, kandambili, kikombe, shati la kubadilisha. Mkunjo anakwenda kwenye ukuta, anapapasa mpaka anaupata msumari, anaitungua ile blauzi ya karani. Kwa wiki saba hakuruhusu mtu aiguse wala aisuuze. Karani ameambiwa leo na amekubali Mkunjo aichukue.

Anaitandaza mezani. Anaipiga pasi polepole, mikono kwanza, kisha mgongo, kisha kola, akifuata mishono kwa kidole gumba. Anampa mkewe.

"Hii nayo uiweke."

"Ya nini hospitalini?"

"Wakifungua bandeji, nataka uinyanyue mbele yangu. Iwe kitu cha kwanza. Usiniambie ni rangi gani. Ninyamazie, niseme mwenyewe."

Mama Kamba anaishika blauzi, anamtazama. "Miaka thelathini na mitano ya ndoa, na kitu cha kwanza unachotaka kuona ni blauzi ya mwanamke mwingine."

"Uso wako naujua, mke wangu. Hata wakinizika nitakuwa naujua," anasema dobi. "Bluu niliyowavika watu ndiyo sijawahi kuiona."

Mama Kamba anaikunja blauzi, kola juu, na kuiweka juu ya vitu vyote, mahali ambapo mkono utaifikia bila kutafuta.